Nukta Nyekundu na Jicho Langu la Kushoto

Siwezi kufumba jicho moja. Sijawahi kuweza, tangu nikiwa mtoto kule Rungwe. Nikifumba la kushoto, la kulia nalo linafumba, kama pacha waliokataa kulala vitanda tofauti. Kwa macho hayo nimefanya kazi ya silaha maisha yangu yote, nimewafundisha wengi wenu kulenga shabaha, nimestaafu mwaka huu, na bado siwezi. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akasoma akisubiri mahali nitakapoeleza jinsi nilivyojirekebisha. Sikujirekebisha.

Mliponiaga pale ghalani mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Mambo ya vyeo na mshahara yamo kwenye jalada langu, na hayana utamu wowote. Nitaandika kuhusu bastola, baridi ya Mbeya, wazee wawili walionifundisha, na kifaa kimoja kilicholetwa kwetu katikati ya miaka ya sabini, ambacho nyinyi leo mnakiona cha kawaida kabisa: kilengeo chenye nukta nyekundu.

Lakini kwanza nieleze tulivyokuwa tunalenga, maana wengine mmekuta kila kitu kimeshafungwa. Bastola zetu zilikuwa zile nzito za zamani, za kuzungusha risasi sita, na zilikuwa na vitu viwili tu vya kulengea. Nyuma, karibu na mkono, kuna mfuo mdogo. Mbele, mwisho wa mtutu, kuna kinundu. Unakiweka kinundu katikati ya mfuo, kisha unavipeleka vyote viwili juu ya shabaha. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vitatu viko umbali tofauti, na jicho linaweza kukiona kimoja tu sawasawa. Ukifungua macho yote mawili ndiyo yanakuwa mavurugano: ukitazama kinundu, unaona shabaha mbili, ukitazama shabaha, unaona bastola mbili. Kwa hiyo kikosi chetu cha polisi kilikuwa na amri moja ya kumaliza ubishi: fumba jicho la kushoto. Haikuwa amri ya kijinga. Iliwasaidia watu wengi. Mimi sikuwa mmoja wao.

Niliisikia mara ya kwanza Iringa, asubuhi ya upepo, kutoka kwa Sajini Meja Kihwele. Yeye ndiye alikuwa mkufunzi mkuu wa shabaha kwa Iringa na Mbeya yote, Mhehe mrefu mwenye sauti ndogo. Ilitubidi tunyamaze kabisa ili tumsikie, na nadhani alilijua hilo. Tulikuwa makuruta tumejipanga kwenye mstari na bastola tupu mkononi. Akanifikia.

"Wewe binti, umelala?"

"Hapana, Afande."

"Mbona umefumba macho yote?"

"Moja haliendi peke yake, Afande."

Akasogea akanitazama usoni kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Fumba la kushoto." Nikafumba. Yote. "Fungua la kulia." Nikafungua. Yote. Wenzangu wakaanza kuchekea puani.

"Kwenu mko wengi hivi?"

"Mama yangu yuko hivi hivi, Afande."

"Mama yako hapigi bastola."

"Hapana, Afande. Anapiga nyoka kwa jembe, na hakosi."

Aligeuka upande wa pili akakaa hivyo kwa muda. Nilidhani amekasirika sana. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa anaficha kicheko.

Kwa bunduki ya begani nilipita. Niliishusha kofia mpaka ikafunika jicho la kushoto, na Sajini Meja aliona akaniacha. Kichwa kikiinama kwenye kitako, alisema, kofia ina haki ya kushuka. Lakini bastola hupigwa ukiwa umesimama wima, kofia imekaa sawa, kwa sababu mtu anayekujia hatasubiri uvute kofia. Nilifeli bastola. Wenzangu walipopangiwa lindo, mimi nilipelekwa Mbeya, kwenye ghala la silaha lililokuwa upande wa Iyunga, nikasafishe bastola ambazo watu wengine wangezipiga.

Huko nikamkuta Koplo Salehe. Alikuwa mtu wa Iringa mjini. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo akakwama kwenye baridi, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Nilimwita Mzee Salehe, naye aliniita mwanangu, au Tusa akiwa na haraka. Kila nilichokuja kujua kuhusu chuma nilikianzia kwake. Alisafisha silaha kwa vipande vya khanga iliyochakaa, kwa sababu khanga mpya huacha nyuzi ndani ya mtutu. Bastola iliyotoka nje kwenye baridi ya mwezi wa saba hakuruhusu ifunguliwe papo hapo ndani ya chumba chenye jiko la mkaa. Iliachwa kwanza ndani ya boksi lake ipate joto polepole, la sivyo chuma kinatoka jasho na kesho yake kuna kutu. Na alikuwa na desturi moja ambayo nimewasumbua nayo nyote. Ukimkabidhi bastola uliyoifungua mbele ya macho yake, ukamwonyesha kwamba haina risasi, aliipokea na kuifungua tena mwenyewe. Hata kama mlikuwa mmekaa magoti yanagusana. "Siyo kwamba sikuamini," alikuwa akiniambia. "Namzoesha mkono wangu." Sikumsikia hata siku moja akisema silaha ni safi. Alisema, "Inakaribia."

Nilikaa naye miaka miwili, na katika miaka hiyo nikajua ninachokitaka. Nilitaka kuwa mwalimu wa shabaha. Nilikuwa nawaona askari wanarudi uwanjani wakiwa wamekata tamaa, bastola nilizozisafisha mwenyewe, nazijua hazina kosa, na najua kabisa kuwa mkono wa huyu unabana sana na wa yule unaharakisha. Nilikuwa nawaambia wakati wa kurudisha silaha, dirishani, na wengine walikuwa wanarudi wiki inayofuata kunishukuru. Lakini kozi ya ualimu ilikuwa na mlango mmoja: ufaulu mtihani wa bastola mbele ya Sajini Meja, na mtihani wenyewe ulitolewa mara mbili tu kwa kila mtu. Ya kwanza nilishaipoteza. Mkuu wetu wa Mbeya, mtu mpole, aliniita akaniambia nisijali sana, nikifeli ya pili nitahamishiwa kwenye swichibodi ya simu, kwa sababu nina sauti nzuri.

Sauti yangu ni nzuri kweli. Sikuwahi kuwa na hasira kiasi kile, lakini hapo niliitumia kusema tu, "Ndiyo, Afande."

Ndipo kikaja kifaa. Kililetwa na mkaguzi kutoka makao makuu ndani ya kisanduku kilichojaa sponji, na kilikuwa kimoja tu, cha majaribio. Kilikuwa bomba fupi jeusi, la ukubwa wa kidole gumba cha mwanamume, na juu yake kipande cha plastiki chekundu cha kukusanya mwanga wa jua. Hakikuwa na betri. Mkaguzi alisema wenzetu wa Ulaya wanakitumia, unachungulia ndani unaona nukta nyekundu, unaiweka nukta kwenye shabaha, unafyatua. Hakuna kinundu, hakuna mfuo. Akatuachia tukifunge kwenye bastola, majaribio yangekuwa siku mbili baadaye. Mwenyewe alikuwa amekiona tu kikiwa kisandukuni.

Kukifunga hakukuwa kazi ndogo. Kutoboa silaha ya serikali lilikuwa kosa, kwa hiyo kilihitaji kubanwa. Mzee Salehe alikata kipande cha fremu ya kitanda cha chuma, akakikunja kwa nyundo mpaka kikakumbatia mgongo wa bastola, na ndani akaweka mpira wa tyubu ya baiskeli ili chuma kisikwaruze chuma. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Kuhusu mpira ule nitasema baadaye.

Tulipomaliza aliifungua bastola, akahakikisha ni tupu, akakiweka kifaa usawa wa uso na kufumba jicho la kushoto.

"Giza," akasema. "Giza na kidoa chekundu. Tusa, wametuletea bomba limezibwa."

"Limezibwa kweli?"

"Mbele hakuna tundu, nimepapasa kwa kidole. Hebu chungulia."

Akanipa, nikaifungua tena kama alivyonizoesha, nikachungulia. Niliona ukuta wa ghala, nikaona kalenda yetu ya chama cha ushirika yenye picha ya ng'ombe, na juu ya ng'ombe imekaa nukta nyekundu, imetulia, ng'avu.

"Mbona iko pale," nikasema.

"Iko wapi?"

"Kwenye kalenda. Juu ya ng'ombe."

"Huwezi kumwona ng'ombe, mwanangu. Bomba limezibwa."

"Namwona mpaka pembe."

Akapitisha kiganja mbele ya bomba. Ng'ombe hakuondoka wala nukta haikuondoka. Akafikiri kidogo, kisha akaleta kiganja hicho hicho akaliziba jicho langu la kushoto.

"Na sasa?"

"Ng'ombe ameenda."

Mzee Salehe alikaa juu ya sanduku la risasi akacheka mpaka akafuta macho. "Basi," akasema, "hiki kitu kimetengenezwa kwa ajili ya mama yako."

Ndivyo kilivyokuwa. Jicho la kulia linaona nukta tu, halioni kitu kingine. Jicho la kushoto linaiona dunia kama kawaida. Kichwa kinaziweka picha mbili pamoja, na wewe unaona nukta inaelea juu ya dunia. Ni akili nzuri sana, na inafanya kazi kwa sharti moja tu: usifumbe.

Asubuhi ya majaribio kulikuwa na ukungu mwepesi unaotembea kutoka milimani. Sajini Meja Kihwele alikuwa amekuja kutoka Iringa tangu jana yake, na alichagua mwenyewe wapigaji wanne bora wa Mbeya. Mzee Salehe alimwendea kabla hawajaanza.

"Afande, kifaa hiki kinataka macho yote mawili yawe wazi."

"Nimesikia, Koplo. Nitawaambia."

Na aliwaambia kweli, siwezi kumsingizia. Aliwaambia wote wanne, fungueni macho, na wote waliitika. Lakini watu wale walikuwa wamekaririshwa kufumba jicho la kushoto miaka kumi na zaidi. Kila mmoja alisimama macho wazi, akainua mkono, akaiona nukta juu ya ubao, akafurahi. Na kidole kilipoanza tu kubana triga, jicho la kushoto likajifumba lenyewe. Niliwatazama kwa upande nikaliona likifunga, la kila mmoja, bila mwenyewe kujua. Hapo ubao ukapotea, wakabaki na nukta gizani, na risasi zikaenda zilikotaka.

Wa mwisho alikuwa Konstebo Sanga, ambaye hakuwa amekosa shabaha tangu nimfahamu na hakutuacha tusahau. Sajini Meja alitembea mpaka kwenye ubao wake na kurudi.

"Sanga, umepiga wapi?"

"Nadhani nimepiga Chunya, Afande."

Hata mkaguzi alicheka. Kisha akasema kwamba kifaa cha gharama namna ile hakiwezi kuwa kibovu kiasi hicho, je, hakuna mtu mwingine wa kujaribu? Mzee Salehe akasema yupo, ndiye aliyekifunga. Sajini Meja akanitazama.

"Huyu hafumbi jicho," akamwambia mkaguzi, kama anayemweleza daktari.

"Si ndiyo vizuri?" mkaguzi akasema.

Nikasimama. Nawaambia ukweli, hakukuwa na cha kufanya. Niliitazama shabaha kama ninavyoitazama barabara, nikainua mkono, nukta ikaja yenyewe ikakaa. Nilifyatua sita. Hazikuwa katikati, zilikuwa juu kidogo na kushoto. Lakini zilikuwa pamoja, zote ungezifunika kwa kiganja cha mkono, na mnajua kwamba risasi zilizokaa pamoja ndilo jambo la kwanza, kuzisogeza katikati ni kazi ya bisibisi.

"Kifaa kimempigia," akasema Sajini Meja.

"Apige tena," akasema mkaguzi.

Nikapiga tena, na hapo mpira wa baiskeli ukatuumbua. Bastola inaporuka, mpira hubonyea na haurudi palepale. Kila risasi ilikisogeza kifaa unywele mmoja, na sita za pili zilitambaa juu ya ubao kama siafu. Tukakaza skrubu za kibano. Kisha ukungu ukaongezeka, jua likapotea, na kwa kuwa kifaa kilikula mwanga wa jua, nukta nayo ikafifia mpaka nikabaki nachungulia giza kama wengine. Mkaguzi alijaribu mwenyewe kuitafuta akaikosa. Akasema kwa haki kabisa kwamba silaha inayosubiri hali ya hewa haiwezi kukaa Mbeya. Akakirudisha kisandukuni, akatushika mikono, akaniambia pole. Mchana kifaa kilikuwa njiani kurudi Dar es Salaam.

Wengi walikisahau siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeona kitu, na hakikuwa ile nukta. Nilikuwa nimeona kwamba kichwa changu kinaweza kuchukua picha ya jicho moja na kuiweka juu ya picha ya jicho la pili. Kama kinaweza kwa nukta, kwa nini kisiweze kwa kinundu? Nilimkimbilia Sajini Meja kabla hajapanda gari.

"Afande, kwenye mtihani naomba nipige macho wazi. Kwa bastola ya kawaida."

"Ya kawaida haina nukta."

"Ina kinundu, Afande."

"Ina kinundu, ina mfuo, na ina amri yake. Tutaonana Iringa. Jicho la kushoto lije limefumba."

Nilirudi ghalani nimevimba. Mzee Salehe hakunibembeleza. Kesho yake alikuja na kichupa cha rangi ya kucha cha binti yake Zuhura, nyekundu kabisa, akachovya njiti ya kiberiti na kukipaka kinundu cha bastola yetu ya mazoezi.

"Nukta yako hiyo," akasema. "Hii haisubiri jua."

Kwa wiki kadhaa, kila jioni baada ya kufunga dirisha, nilisimama na bastola tupu nikamlenga ng'ombe wa kalenda. Nieleze nilivyofanya, kwa sababu kuna ambao mtakutana na mwanafunzi wa aina yangu. Fungua macho yote. Tazama kile kinundu chekundu, kikazie, usitazame kitu kingine. Ng'ombe atakuwa wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Usiogope na usipigane nao. Yule wa kulia ni wa jicho la kulia na ndiye wa kweli kwa bastola yako. Mwingine ni mgeni tu, mwache akae. Ukimchagua yule yule kila siku, baada ya muda mgeni anachoka na kufifia. Siku za mwanzo kichwa kitauma. Pumzika, kunywa chai, rudi. Mkono ukianza kuchoka acha, maana mkono uliochoka unafundisha kichwa uongo. Rangi ile ilinisaidia kama magurudumu ya pembeni yanavyomsaidia mtoto kwenye baiskeli. Nilipoona ng'ombe wa pili haji tena, Mzee Salehe aliifuta kwa kitambaa chenye petroli, nikaendelea na chuma kitupu.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikujibandika tu plasta jichoni. Nilishauriwa hivyo na watu wema. Jibu langu lilikuwa lile lile alilonipa Sajini Meja mwenyewe kuhusu kofia: mtu anayekujia hatasubiri. Na kulikuwa na jingine. Askari aliyefungua macho yote mawili anaona bastola yake na anaona pia mtoto anayekatiza upande wa kushoto. Aliyefumba hamwoni. Hilo sikulisoma popote, nililiona kwenye ghala, kila nilipolenga na Mzee Salehe akapita kushoto kwangu na bakuli la mafuta. Niliamini niko sahihi, na mtu akiamini hivyo kwa miezi, shingo inakuwa ngumu.

Tulikwenda Iringa kwa lori la kikosi, juu ya barabara ya lami ambayo bado ilikuwa mpya na ya kujivunia. Nyololo tulisimama kuchoma mahindi na kupasha vidole. Sanga alikuwa anakwenda kuhuisha daraja lake la shabaha, na alikuwa amechangamka.

"Tusa, ukiwa kule kwenye simu uniunganishe na mchumba wangu bure."

"Mchumba wako ndiye atakayeniomba nisikuunganishe."

"Wewe fumba tu kidogo. Hata nusu."

"Wewe fungua. Si uliona Chunya ilivyokuwa mbali."

Watu walicheka, naye akanimegea muhindi wake.

Uwanja wa Iringa ulikuwa na upepo wa kawaida yake. Tuliitwa mmoja mmoja, wengine wakisimama nyuma. Bastola alizitoa Sajini Meja mwenyewe kutoka sandukuni, na hakuna aliyejua angepewa ipi. Nilipokea, nikafungua, nikajaza, nikasimama kwenye mstari, kofia imekaa sawa. Alikuwa hatua chache kuliani kwangu.

"Inua."

Nikainua.

"Fumba jicho la kushoto."

"Hapana, Afande."

Kwenye mstari wa kufyatulia nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Sajini Meja hakupandisha sauti. Alisogea karibu ili nisiikose.

"Sijasikia."

"Nimesema hapana, Afande. Halifumbi, na sitalifumba. Silaha inaelekea kwenye ubao, kidole kiko nje ya triga, nasubiri amri ya kufyatua."

"Unajua hii ni ya mwisho kwako."

"Najua, Afande."

"Hata kama ungefeli ukiwa umetii, ningekuandikia vizuri. Ungeenda kwenye simu na heshima yako."

"Siitaki simu, Afande."

Mkono ulikuwa umeanza kuwa mzito, maana bastola zile si za kushikilia wakati watu wanazungumza. Niliushusha nusu, salama, kama alivyotufundisha, nikasubiri. Angeweza kuninyang'anya silaha, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilisikia anavuta pumzi puani.

"Inua," akasema. Nikainua. Kisha, bila neno lingine: "Fyatua."

Ubao ulikuja mara mbili, kulia na kushoto. Nikauchagua wangu. Wa pili ukafifia. Kinundu kilikuwa cheusi na kikavu, nami nikakitazama kama kitu pekee kilichobaki Iringa nzima, nikabana polepole, nikabana tena, mpaka bastola ikagonga tupu.

Nikaifungua, nikamwonyesha. Akaichukua, akaifungua tena mwenyewe, kisha akatembea mpaka kwenye ubao peke yake. Risasi tano zilikuwa ndani ya duara jeusi. Ya sita ilikuwa pembeni kabisa, juu ya mstari au nje ya mstari, na ya sita ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kufaulu na swichibodi. Alitoa njiti ya kiberiti mfukoni, akaichomeka kwenye tundu, akainama akatazama kutoka upande huu, akazunguka akatazama kutoka upande ule. Angeweza kusema imetoka. Hakuna ambaye angetembea hadi pale kumbishia, mimi nikiwa wa kwanza. Akarudi polepole.

"Imegusa," akasema.

Nilianza kutabasamu.

"Bado sijamaliza. Shabaha umefaulu, nitaandika hivyo. Amri umeikataa mbele ya askari wenzako. Wiki moja ya deki, bweni la makuruta pamoja na vyoo vyake. Unaanza leo."

"Ndiyo, Afande."

"Hilo la kutii umelikumbuka sasa."

"Hilo naliweza, Afande."

Kuna walimu wenzangu wa leo wanaoniambia kwamba Sajini Meja alinionea, na wengine wanaoniambia kwamba alinilegezea. Wote wamekosea. Alipima vitu viwili, akavipa kila kimoja haki yake, na mimi katika kazi yangu yote nimejaribu kufanya hivyo hivyo, hasa kwa wanafunzi walionikasirisha. Kuhusu jicho, sikukubaliana naye siku ile na sikubaliani naye leo. Mwanafunzi akija kwenu hawezi kufumba, msimtume kwenye simu. Mkaribisheni, mpeni muda, mpakieni kinundu rangi. Na mkubwa akiwaambia ni lazima afumbe, mjibuni kwa heshima kwamba si lazima, kisha muwe tayari kulipia jibu hilo.

Makuruta wa Iringa walikuwa wengi na wenye matope mengi. Nilipiga deki asubuhi na jioni, mikono ikapasuka kwa maji baridi. Sanga alirudi Mbeya na lori akaniachia sabuni ya kipande na salamu za kejeli. Siku ya mwisho nilikuwa nimefika katikati ya bweni nilipomwona Sajini Meja amesimama mlangoni.

"Kamwene," akasema, salamu ya kwao, ambayo hakuwahi kunipa kabla.

"Kamwene, Afande. Sakafu mbichi."

"Naona." Hakuingia. "Jina lako nimelipeleka. Utaitwa kozini."

Nilisimama na tambara linadondosha maji miguuni. Nilisema asante, nadhani mara mbili.

"Usishukuru. Kule kuna wakufunzi wakali kuliko mimi. Watakuamuru ufumbe jicho."

"Najua, Afande."

"Utafanyaje?"

"Nitakataa, Afande."

"Watakupa deki."

"Nitapiga deki, Afande, halafu nitarudi kwenye mstari."

Akaitazama sakafu yote, kutoka mlangoni hadi ukutani, kwa macho yake makali yaleyale ya kukagua. Kisha akatazama ndoo.

"Basi nenda na ndoo yako," akasema. "Za kule zinavuja."